Mizani ya Mtu Mrefu

Hasheem Thabeet ana urefu wa sentimita 221. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo kila aliyemwona akicheza mpira wa kikapu alilitaja, na kwa wengi ndilo lililokuwa la mwisho pia. Akizuia mtupo, walisema ni urefu. Akiangushwa, walisema ni urefu. Akikosa kufunga chini ya goli, walisema mtu wa kimo kile hana udhuru. Mimi nimeishi na mashairi kwa muda wa miaka thalathini, na nimeona mara nyingi jinsi sifa moja iliyo wazi inavyozifunika nyengine zote. Mshairi akishasifiwa kwa utamu wa lahaja yake, aghalabu hatokei tena mtu wa kumuuliza anasema nini.

Kijana huyu alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa na umri wa miaka kama 15, umri ambao wenzake wengi wa Marekani huwa wameshautia mikononi tangu utotoni. Alipitia skuli nchini Kenya, kisha Houston katika jimbo la Texas, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya kocha Jim Calhoun, ambaye timu yake ilikwisha kutwaa ubingwa wa taifa wa vyuo mara mbili, mwaka 1999 na mwaka 2004. Alicheza hapo misimu mitatu. Ni misimu hiyo mitatu ninayotaka kuizungumza, kwa sababu wakati ule mjadala juu yake ulikuwa bado mjadala, kila upande ukiwa na hoja ya kuitetea. Yaliyokuja baadaye yalikuwa zaidi kejeli.

Msomaji wa kurasa hizi huenda akastaajabu kuona goli la kikapu limesimikwa katikati ya beti. Naomba subira yake. Tunachokifanya sisi tunapolipima shairi, tukalitenga lililo zuri na lililo pungufu, na tukauliza kila mshororo umewekwa pale kwa kazi gani, ndicho hasa wanachokifanya watu wanaobishana juu ya mchezaji. Na wao huanguka katika mashimo yale yale tunayoanguka sisi.

Tuanze na jina, maana washairi hawapiti jina bila ya kulisalimu. Thabeet ni Thabit iliyoandikwa kwa sikio la Kiingereza. Nasi watu wa pwani tunalijua neno thabiti kabla hatujaingia chuoni: ni kile kilichosimama pahala pake, kisichoyumba wala kutikisika. Ajabu ni kwamba lawama kubwa aliyotwishwa kijana huyu iligusa maana ya jina lake mwenyewe. Walisema kwamba juu ni mlingoti, lakini chini si thabiti.

Mimi lawama hiyo niliisikia kwa mara ya kwanza barazani kwangu, mwezi wa Mei mwaka 2009. Mpwa wangu, aliyekuwa akisoma Marekani, alirudi likizo na sidi kadhaa za mechi za msimu ule. Tulizitazama kwa siku nne, kila baada ya sala ya Isha, kahawa ikizunguka. Wasemaji wakuu walikuwa wawili. Mmoja ni huyo mpwa wangu, ambaye kwa Thabeet alikuwa kama mganga na pembe yake. Wa pili ni jirani yangu, mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye mtaa mzima humwita Maalim, na ambaye kwa miaka mingi aliwafundisha vijana mchezo huu katika kiwanja cha saruji kisichokuwa na kivuli. Pembeni aliketi kijana wa mtaani, wa miaka 16 hivi, mrefu kupita kiasi, mwanafunzi wa Maalim kiwanjani. Alikuwa hasemi kitu.

"Mjomba, mtazame," mpwa wangu aliniambia usiku wa kwanza. "Wanafika mlangoni, wanamwona, wanarudi."

Maalim akacheka. "Mnazi nao ni mrefu, mwanangu, na kila siku unapandwa."

Neno hilo la mnazi ndilo lililoutawala mjadala wa siku nne. Nami, kwa kuwa sikuwa mjuzi wa mchezo, nilipata faida ya msikilizaji: nilizisikia hoja za pande zote mbili zikiwa nzima.

Kwanza nguvu zake. Kuzuia mtupo si kazi ya mkono mrefu peke yake, kama wengi wanavyodhani. Sheria inasema mpira ukishaanza kushuka kuelekea golini hauguswi. Ukiguswa, pointi zinahesabiwa kana kwamba umeingia. Kwa hiyo mzuiaji ana muda mfupi mno: mpira uwe umeshatoka mkononi mwa mtupaji, na uwe bado unapanda. Akiruka mapema, mpinzani hudanganya tu kwa bega, akamngoja ateremke, kisha akafunga. Akichelewa, ama mpira umeshapita ama anaugonga mkono wa mtu, na hiyo ni faulo. Na katika mchezo wa vyuo faulo tano humtoa mchezaji uwanjani. Mwenye kufanya kazi hiyo mara nne kwa wastani katika kila mechi, msimu baada ya msimu, hana urefu tu. Ana saa ndani ya mwili wake. Thabeet alizuia mitupo 118 katika msimu wake wa kwanza, 147 katika wa pili, na 152 katika wa tatu. Jumla ni 417, na katika historia ya chuo kile ni Emeka Okafor peke yake aliyekuwa amemzidi. Mwaka 2008 na tena mwaka 2009 alitajwa kuwa mlinzi bora wa ligi ya Big East, ligi ambayo wakati ule ilikuwa miongoni mwa ngumu kabisa za vyuo vya Marekani. Tarehe 31 Januari 2009, dhidi ya Providence, alipata pointi 15, ribaundi 11, na akazuia mitupo 10.

Mpwa wangu alizitaja hesabu hizo kama mtu anayehesabu mahari. Maalim alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaiomba sidi ya mechi ya Pittsburgh.

Mechi hiyo ilichezwa Hartford tarehe 16 Februari 2009, siku ambayo Thabeet alitimiza miaka 22. Connecticut ilikuwa imewekwa namba moja katika nchi nzima. Upande wa pili alikuwepo DeJuan Blair, kijana mnene wa kifua, mfupi kwa Thabeet kwa sentimita 20 kamili. Kuna pahala wawili hao waligombea mpira, mikono ikanasana, na Blair akamzungusha yule mrefu juu ya bega lake mpaka akatua sakafuni. Maalim alitaka pahala hapo parudishwe mara tatu. Mechi ilipokwisha, Pittsburgh walikuwa na 76, Connecticut 68. Blair alifunga pointi 22 na kuchukua ribaundi 23. Thabeet alipata pointi 5 na ribaundi 4.

"Sasa nambie," alisema Maalim, "kipi kimepungua hapo? Urefu?"

Haukuwa urefu, na hapo Maalim alikuwa na haki yake. Mchezo wa chini ya goli huanzia kiunoni na miguuni. Mwenye mwili mzito na kiuno kilicho chini humtangulia mwenzake pahala, akamwegemea, akamsukuma hatua moja kutoka golini, na hatua moja hiyo inatosha kuufanya mkono mrefu usifike. Thabeet alisukumika. Isitoshe, alipopewa mpira akiwa ameupa mgongo ubao, hakuwa na mbinu nyingi. Aliweza kugeuka upande mmoja vizuri zaidi kuliko upande wa pili, na pindi alipoushusha mpira ukafika usawa wa kifua, wafupi wenye mikono myepesi waliuchopoa. Halafu kulikuwa na jambo la tatu, nalo lilijulikana na makocha wote. Senta wa upande wa pili akiweza kutupa kutoka mbali, ilimlazimu Thabeet aondoke chini ya goli na kumfuata. Akishatoka, goli hubaki wazi, na yeye huko nje hukuta miguu yake haina wepesi wa kumfukuza mtu.

Basi haya ndiyo mashitaka, na utetezi ni ule uliotangulia. Lau ningalitaka kuumaliza mjadala kwa adabu ya barazani, ningalisema kwamba kila mmoja ana sehemu yake ya ukweli, nikaagiza kahawa nyengine. Lakini usiku wa pili niliona kitu ambacho hakikuwemo katika hesabu za mpwa wangu wala katika sidi ya Maalim.

Niliona walinzi wa mbele wa Connecticut. A.J. Price, Jerome Dyson, na yule kijana mpya wa mwaka wa kwanza, Kemba Walker, walikuwa wakiwakabili watu karibu mno, kifua kwa kifua, wakiunyemelea mpira kwa ujasiri unaopakana na uzembe. Mlinzi wa kawaida hathubutu kufanya hivyo, maana akipitwa kwa hatua moja tu mpinzani yuko golini. Wao walithubutu. Na walipopitwa hawakuhangaika sana. Walimfuata mtu kwa nyuma, wakimwelekeza kati, kule alikosimama mrefu. Yule mpinzani aliingia kwa kasi, akanyanyua macho, akamwona, na hapo mara nyingi kilitokea kitu kisichokuwa na jina katika vitabu vya mchezo. Alisita. Akaurudisha mpira nje. Au akautupa kwa tao la juu mno, ukagonga chuma na kurudi. Thabeet alikuwa hajaruka wala hajamgusa mtu, na karatasi ya hesabu iliandika sifuri mbele ya jina lake. Lakini mashambulizi yale aliyamaliza yeye.

Mimi nilikitambua kitu kile mara moja, kwa sababu kinaishi katika kazi yangu. Wanaotufundisha tarbia wameupa kila mshororo jina lake: wa kwanza ni mwanzo, wa pili mloto, wa tatu mleo, na wa nne ni kituo. Kituo mara nyingi hakisemi neno jipya. Katika mashairi mengi hurudi vile vile, ubeti kwa ubeti, bila ya kubadilika hata herufi. Mgeni wa utungo hukiona kama uvivu wa mshairi. Lakini mshairi mwenyewe anajua kwamba mishororo mitatu ya juu imepata uhuru wake kutokana na kituo. Inaweza kupaa, kupinda, na kuuliza maswali ya hatari, kwa sababu inajua kuna pahala itakapotua. Kitoe kituo, na mishororo ile ile iliyokuwa na ujasiri itaanza kuogopa.

Hiyo ndiyo iliyokuwa nafasi ya Thabeet katika timu ile. Alikuwa kituo, na ujasiri wa wenzake ulitokana na kusimama kwake. Kumpima kwa pointi alizofunga ni kukipima kituo kwa maneno mapya kilicholeta.

Nilipoyasema hayo barazani, Maalim alinipa jibu ambalo sijalisahau. "Vyema, mshairi. Lakini kituo nacho lazima kiwe na mizani sawa na mishororo mengine. Ukikisamehe kwa kuwa ni kituo, shairi limeharibika." Jibu hilo nalo lilikuwa sahihi, na ndilo lililonilazimisha nizitazame tena hesabu za mpwa wangu kwa jicho jengine.

Kwa wastani wa kila mechi, msimu wa kwanza Thabeet alifunga pointi 6.2 na kuchukua ribaundi 6.4. Msimu wa pili zilikuwa pointi 10.5 na ribaundi 7.9. Msimu wa tatu, pointi 13.6 na ribaundi 10.8. Sasa tazama mitupo aliyoizuia: 3.8, kisha 4.5, kisha 4.2. Hii haikubadilika sana. Kilichobadilika ni kile kingine, na kilibadilika mno: pointi zilizidi maradufu. Maana yake, kwa ninavyosoma mimi, ni kwamba kuzuia alikuja nako. Kufunga na kugombea ribaundi alijifunza pale, mbele ya macho ya maelfu, akiwa ameshapita miaka 19. Mnazi hauongezi jitihada. Huyu alikuwa mwanafunzi, na msimu hadi msimu alikuwa anahitimu kitu.

Hapa lazima niseme neno juu yangu, si kwa kujilinganisha na mtu aliyecheza mbele ya umati, bali kwa sababu ndiyo njia niliyolifahamu jambo lenyewe. Mimi sikupita chuo chochote cha fasihi. Skuli niliiacha mapema, nikakaa dukani, na hesabu ya mizani nilianza kujifunza nikiwa mtu mzima, kwa kuhesabu kwa vidole chini ya meza huku nikiwasikiliza wakubwa wakighani. Lugha za kigeni nilizozitafsiri nilijifunza kwa kamusi moja iliyokosa jalada. Mtu anayeanza kwa kuchelewa huwa na hali ya pekee. Kile alichozaliwa nacho hujitokeza mwanzo, tena kwa kishindo, kwa hiyo watu humjua kwacho. Yale mengine huja polepole, yakiwa na mapengo. Miaka mingi nilisifiwa kwa sikio langu, kisha sifa hiyo hiyo ikafuatwa na "lakini". Ana sikio, lakini hana elimu. Ana vina, lakini hana mawazo. Wasemaji hao hawakuwa waongo, ila walichukua picha ya mtu aliye njiani, wakaiita sura yake.

Na katika tafsiri nilijifunza jambo la pili, lile la mtupo usiotupwa. Msomaji wa tafsiri huliona neno nililoliweka. Hayaoni yale kumi niliyoyakataa, ambayo kila moja lingaliupotosha mstari. Sehemu kubwa ya kazi ya mfasiri ni kuzuia, na kazi ya kuzuia haina ushahidi. Ikifanywa vizuri, hakuna kilichotokea.

Haya si ya falsafa tupu. Usiku wa nne, Maalim alipokuwa akieleza kwa mara ya tisa kwamba Thabeet hana miguu, yule kijana mrefu alifungua kinywa chake.

"Na mimi, Maalim?" alisema. "Mimi utanifundisha lini hiyo miguu?"

Baraza lilinyamaza. Wote tulijua kwamba kiwanjani kijana yule alikuwa akisimamishwa chini ya goli na kuambiwa anyanyue mikono, basi. Wafupi walifundishwa kudunda mpira, kupasiana, kugeuka na kutupa. Yeye alifundishwa kuwa mrefu. Alikuwa na miaka miwili na Maalim, na hakuwahi kupewa zoezi la hatua. Hapo ndipo nilipoona kwamba mjadala wetu haukuwa wa kupitisha usiku. Tunavyomsema mchezaji aliye mbali ndivyo tunavyomlea aliye karibu. Anayeamini kwamba urefu ni kila kitu hamfundishi mrefu, kwa kuwa ameshakuwa nacho. Anayeamini kwamba mrefu ni mnazi hamfundishi pia, kwa kuwa mnazi haufundishiki. Kijana alikuwa amekaa baina ya sifa na dharau, na pande zote mbili zilikuwa zimekubaliana jambo moja tu: kumwacha kama alivyo.

Maalim alikuwa muungwana. Hakujibu kwa maneno. Jumamosi iliyofuata alichora duara kwa chokaa kwenye ile saruji, akamweka kijana ndani yake, akawaamuru wawili wamsukume, naye afanye kazi moja: asitoke. Goti lipinde, kiuno kishuke, mpira ubaki juu ya kidevu. Walifanya hivyo kwa miezi. Kijana yule hakwenda Marekani wala hakuchezea timu ya taifa. Leo anafanya kazi bandarini, ana watoto, na jioni bado utamkuta kiwanjani. Lakini kumtoa katika duara lile ilikuwa shida hata kwa watu waliomzidi uzito, na mimi nimeshuhudia.

Turudi kwa Thabeet. Anayesema kwamba kituo peke yake hakiwezi kuubeba ubeti atapata ushahidi katika misimu ile ile. Machi 2008, katika mashindano ya taifa, Connecticut ilitolewa raundi ya kwanza na San Diego, 70 kwa 69, baada ya muda wa nyongeza. Price aliumia goti katika mechi hiyo, na mrefu wa nyuma hawezi kuupeleka mpira mbele mwenyewe. Mwaka 2009 timu ilishinda mechi 31 na kupoteza tano, ikafika nusu fainali ya taifa mjini Detroit, na hapo ikashindwa na Michigan State, 82 kwa 73. Michigan State walikuwa na dawa yao: waliukimbiza mpira mbele ili wafike kabla mlinzi wa goli hajarudi. Mlinzi ambaye hajafika mlangoni halindi kitu. Mti hauendi ila kwa nyenzo, na nyenzo za mti ule zilikuwa miguu ya wenzake.

Mwaka huo huo ligi ya Big East ilimtaja mchezaji bora wa msimu, ikawataja wawili kwa pamoja: DeJuan Blair na Hasheem Thabeet. Wengine waliona ni woga wa waamuzi. Mimi naona ilikuwa hukumu ya haki. Walimtaja aliyekuwa thabiti chini pamoja na aliyekuwa mlinzi wa juu, wakakataa kusema kwamba sifa moja inaifuta nyengine. Kile kitendo cha bega kilikuwa cha kweli, na ile mitupo 152 nayo ilikuwa ya kweli.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwezi wa Juni 2009 Thabeet alichaguliwa wa pili katika nchi nzima kuingia ligi ya kulipwa ya NBA, na timu ya Memphis Grizzlies. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo. Alikuwa amebakiwa na mwaka mmoja wa chuo. Ningalipenda angalibaki, lakini mimi ni mtu wa barazani, na ni rahisi kumshauri kijana aikatae riziki ukiwa huna wa kuikataa. Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol katika nafasi ya senta. Thabeet alipewa dakika 13 kwa mechi, na Februari 2010 akapelekwa kwa muda ligi ya chini akachezee Dakota Wizards. Baadaye alipita Houston, Portland na Oklahoma City. Mwaka 2014 safari yake ya NBA ikawa imekwisha, akaja kucheza hata Japani na Taiwani.

Hapo ndipo mjadala ulipokufa na kejeli ikachukua kiti chake. James Harden alichaguliwa wa tatu mwaka ule, Stephen Curry wa saba, na tangu wawili hao wawe mabingwa wa kufunga, jina la Thabeet hutajwa kama mfano wa chaguo lililopotea. Nimeisikia kejeli hiyo hata huku kwetu, kutoka kwa vijana waliokuwa hawajazaliwa alipokuwa Connecticut. Ulinganisho wenyewe umepinda. Wale wawili walitakiwa wafunge, na kufunga kuna namba. Yeye alitakiwa asimame nyuma ya watu wenye ujasiri, na huko alikokwenda hakuwakuta watu waliopangwa mbele yake kwa namna ile. Udhaifu wake ulisafiri naye. Nafasi yake ilibaki chuoni. Sisemi kwamba udhaifu ule haukuwepo. Nasema kwamba Connecticut walikuwa wameutungia ubeti unaoustahimili, na kwengine walikichomoa kituo wakakisoma peke yake, kisha wakauliza mbona hakina maana.

Mimi leo nikiulizwa ni mchezaji wa aina gani alikuwa Thabeet pale chuoni, nina jibu langu. Alikuwa mlinzi mkubwa aliyekuwa bado anajifunza kufunga, mwenye saa nzuri juu na msingi pungufu chini, aliyewafanya wafupi wanne waliokuwa mbele yake wawe wakubwa kuliko walivyokuwa. Atakayeona jibu hilo ni refu, namuomba alikate mwenyewe, kisha anioneshe ni kipande gani alichokitupa.

Hesabu ya mitupo aliyoizuia imeandikwa, 417. Ile ya waliofika mlangoni, wakamwona, wakarudi, hakuna aliyekuwa na kalamu ya kuiandika.